Vipande Mia Mbili na Kumi na Vinne

Kwa muda wa miaka minane Donat Mukalay alikuwa baba wa nusu dakika. Kila Jumapili baada ya misa simu ililia kutoka China, na aliyeipokea alikuwa mkewe, Agnès. Ilikuwa simu ya Agnès. Ndoa za watu wa Kamalondo, mtaa wao, ugomvi wa kwaya, nani amejifungua, nani amehamia Kipushi kwa wakwe zake, yote yalipita humo. Megabaiti zikikaribia kwisha ndipo Agnès alipokumbuka kwamba mtoto ana wazazi wawili. "Sephora, ongea na papa yako kiloko," alisema, yaani kidogo tu, na Donat akapewa simu ikiwa ya moto kwa sikio la mwenzake.

"Papa, uko bien?"

"Niko bien. Na weye?"

"Niko bien."

"Kazi?"

"Iko inaenda."

"Bon. Mungu akulinde."

Basi, imetoka hiyo. Simu ilirudi kwa mwenyewe, na Donat akarudi kwenye kiti chake barazani kutazama watu wakipita. Msimhukumu haraka. Akina baba wa namna yake wamejaa mji mzima, na wengi wao wamezeekea kwenye chuma.

Si kwamba hakuwa na la kumwambia mwanawe. Alikuwa nalo moja, limemkaa kooni miaka na miaka: utarudi lini? Sephora aliondoka akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu kwenda Guangzhou kusoma, masomo ya miaka minne. Minne ikapita. Ukaja ule ugonjwa uliofunga mipaka ya dunia nzima, na kila mtu alielewa. Mipaka ikafunguliwa, watoto wa majirani wakarudi na masanduku yao, Sephora hakurudi. Alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la vitu vya kuchezea, na mama yake alipomuuliza alijibu, "Bado kiloko, mama." Agnès aliuliza mara moja kwa mwaka, Krismasi. Donat hakuuliza kamwe. Aliliogopa jibu, akaona heri aendelee kuishi na swali.

Mwezi wa tano kikaja kifurushi. Kilikuwa kimepita mpakani Kasumbalesa ndani ya mizigo ya mfanyabiashara mmoja, na ndani yake mlikuwa na vitenge viwili vya Agnès. Chini ya vitenge palikuwa na sanduku la karatasi ngumu, na juu ya sanduku picha ya jitu la chuma, jekundu na jeusi, ngumi mbele, macho ya kijani. Agnès alijua mara moja si lake. Pembeni mwa picha ile palikuwa na nyingine ndogo, na hiyo ndiyo iliyomfanya Donat atafute miwani yake. Ilikuwa injini ya treni. Jitu lile lile, likikunja miguu na kuingiza kichwa kifuani, mikono ikigeuka ikawa ubavu wa magurudumu, lilikuwa injini ya treni, na injini ikijinyoosha ilikuwa jitu.

"Hii ni ya batoto," alisema Agnès. "Papa Sephora, utacheza sawa mutoto kiloko?"

"Hii ni mashini," alisema Donat.

Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki, bado vimeshikamana kwenye fremu zake kama vilivyotoka kiwandani. Donat alivihesabu kimoja kimoja siku hiyo hiyo: mia mbili na kumi na vinne. Kulikuwa pia na kijitabu cha maelezo, picha na namba, na chini ya kila picha mistari ya Kichina. Mtoto wa darasa la nne angezifuata picha zile bila kumuuliza mtu. Lakini Donat hakuwa mtoto wa darasa la nne, alikuwa ajusteur, fundi wa kuunga na kulinganisha vyuma, miaka thelathini na minne katika karakana za reli, mwana wa mtu aliyeshuka kutoka Kongolo kuja kutandika reli hizo hizo. Na kwenye karakana yao kulikuwa na sheria moja isiyochezewa: mtu haungi mashine huku akisoma plani, mchoro wa kazi, mwenyewe. Mmoja husoma kwa sauti. Mwenye mikono hurudia neno kwa neno, hufanya, husema "fini", imekwisha, ndipo msomaji anaendelea. Hakuna aliyejua tena ni nani aliyeileta sheria hiyo, ila Donat alistaafu na vidole vyake vyote kumi, jambo ambalo si wote waliweza kulisema.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata, simu ilipolia, Donat alifanya jambo ambalo halijapata kuonekana katika nyumba ile. Aliiwahi.

"Sephora, minatafuta mutu wa kunisomea plani."

"Papa, picha si ziko?"

"Picha si plani. Unajua kusoma hii Kichina ao haujue?"

"Minajua."

"Basi soma."

Sephora alicheka, akidhani ni mzaha wa mzee. Haukuwa mzaha. Donat alikwisha piga picha kurasa zote na kumtumia, na sasa alikuwa amekaa barazani na shati lake la misa, kisu kidogo mkononi, fremu ya kwanza mbele yake.

Ndivyo zilivyoanza zile Jumapili. Kwa Donat ilikuwa saa sita ya mchana, kwa Sephora jua likielekea kuzama. "Kata kipande A4 na A5," alisoma Sephora. "Nakata A4 na A5," alirudia Donat. Kisha kimya, cha mikono inayofanya kazi, mpaka "fini". Na ndani ya kimya kile, bila mtu kuyaita, maneno yakaanza kuja. Sijui kwa nini watu wawili wasioweza kuambiana kitu wakitazamana huambiana yote wakitazama goti la plastiki, lakini ndivyo ilivyokuwa. Donat akajua kwamba binti yake analala ghorofa ya kumi na moja. Akajua kwamba lifti yao inanuka samaki, kwamba kuna mama mmoja Mzambia anayemuuzia unga wa bukari, ugali wa kwao, na kwamba sombe, mboga ya majani ya muhogo, hajaila tangu aondoke.

"Huku siisikie mvua, papa," alisema Jumapili moja. "Niko juu sana. Minaona tu batu chini banafungula miavuli, njo minajua inanyesha. Kwetu mvua ikipiga ku bati, hata kuongea hatukuweza."

Donat alikuwa ameshika kiwiko cha jitu. Alikikunja na kukikunjua mara mbili.

"Fini," alisema.

Agnès, aliyenyang'anywa simu yake mchana kweupe, alikaa kizingitini akichambua sombe na kununa. Alipewa dakika zake mwishoni, na zilikuwa chache. "Leo weye njo mama," alimwambia mumewe, na hakuwa anatania sana. Lakini alisikiliza kila neno, na usiseme hakufurahi, maana mikono yake juu ya sombe ilikuwa inakwenda polepole kuliko kawaida.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Donat alilifanya bila kusomewa. Kila kipande kilichotakiwa kuingia ndani ya kingine alikipitisha tupa. Alikuwa na tupa nyembamba ya Kijerumani, lime kwa lugha ya karakana, aliyopewa na msimamizi wake wa kwanza, na mkono wake haukuweza kuunga vitu viwili bila kuipitisha. Chuma hupanuka kwa joto. Ukikibana kiungo mwezi wa saba wakati wa baridi, mwezi wa kumi, jua likiwaka, kitakwama, na treni itasimama porini na abiria wake. Kwa hiyo fundi anayejiheshimu huacha nafasi ndogo, wao huiita jeu, unene wa unywele. Donat aliiacha kwenye bega, kwenye kiwiko, kwenye nyonga, kwenye magoti yote mawili. Na kupiga tupa kunachukua muda. Jambo hili la pili aliligundua mapema sana, na baada ya kuligundua alizidi kupiga tupa, hata mahali ambapo chuma chenyewe kisingelalamika.

Mwezi wa nane akagundua jambo jingine. Walikuwa kwenye picha ya thelathini na moja, picha ya vipande viwili tu, goti la kulia na kifuniko chake. Sephora alisoma kwa dakika arobaini. "Sasa kunja goti mara tatu. Sasa angalia kama iko inakunjika muzuri. Sasa toa kifuniko, pangusa, rudisha. Sasa angalia tena lile goti." Donat alirudia kila neno. Mistari ya Kichina chini ya picha ile ilikuwa miwili, na mifupi. Alikwisha fanya kazi na wasomaji wengi maishani, wavivu, walevi, mmoja hata haoni vizuri, na alijua sauti ya mtu anayesoma na sauti ya mtu anayetunga. Alijitia hamnazo. Alilikagua goti lile kwa mara ya nne, kwa utii kabisa, na moyo wake ulikuwa umejaa furaha mpaka akaona haya mbele ya mkewe.

Ila siku ile alilala vibaya. Kama mtoto naye anatafuta dakika, anazinyoosha kama yeye anavyozinyoosha, basi anatamani kwao. Na kama anatamani kwao, ni nini kinachomzuia huko? Kabla ya siku hiyo Donat alifikiri wamesahauliwa, na jambo hilo, ingawa lilimuuma, alilielewa. Sasa hakuelewa kitu.

Vipande vikaisha. Hata ukipiga tupa namna gani, hata ukitunga mistari namna gani, fremu hubaki tupu siku moja. Jumapili ya tatu ya mwezi wa kumi kilibaki kimoja, taa ya mbele ya injini, kitu kidogo cha rangi ya njano. Joto lilikuwa kali, mvua imechelewa, na vumbi limekaa juu ya kila kitu. Agnès alitandika kitambaa cheupe mezani kwa heshima ya siku yenyewe. Donat alipachika taa, akasema "fini" kwa sauti ndogo, kisha akaegemeza simu kwenye birika ili Sephora aone kwa video.

Kwanza injini. Aliisukuma mezani kwa kidole, ikateleza mpaka ukingoni bila kukwaruza, magurudumu yote kumi na mawili yakizunguka. Hata Agnès alisema ni nzuri. Sephora alipiga makofi huko aliko.

"Sasa isimamishe, papa."

Donat aliinyoosha miguu, akatoa kichwa, akageuza mikono, akakunjua ngumi. Jitu likawa jitu, jekundu na jeusi, limesimama juu ya kitambaa cheupe. Lilisimama kwa sababu Donat alikuwa amelishika kwa nyuma na vidole viwili. Alikwisha lijaribu jana yake, na alijua.

"Muzuri sana," alisema Sephora. "Sasa ondoa mukono."

"Iko inasimama, si unaona?"

"Minaona bidole byako, papa. Ondoa."

Aliondoa. Goti la kulia lilikunjika, la kushoto likalifuata, na jitu likaanguka kifudifudi, likalala na ngumi zake mbele.

Sephora alicheka mpaka sura yake ikatoka kwenye kioo cha simu. Aliporudi alikuwa anafuta machozi.

"Papa, ulipiga lime?"

"Nilipiga."

"Bipande ngapi?"

"Byote."

"Lakini hii plastiki inatakiwa ibanane, njo isimame. Plani haikusema lime hata mara moja."

"Na plani haikusema kuangalia goti mara ine," alijibu Donat.

Kicheko kilikatika huko. Agnès aliinua kichwa.

"Ulijuaka?" aliuliza Sephora.

"Nilijuaka, tangu mwezi wa munane."

"Na haukusema."

"Niseme nini? Nilikuwa minapiga lime." Donat alilitazama jitu, hakuitazama simu. "Ile lime ilikuwa ya kukawisha kazi, Sephora. Nilikuwa natamani usome tena."

Hakuwa amewahi kusema neno la namna hiyo kwa mtu yeyote, na baada ya kulisema hakujua aweke wapi mikono yake. Alilichukua jitu akalilaza chali, angalau lisionekane kama maiti.

"Sasa itasimama namna gani?" aliuliza Sephora.

"Haitasimama. Plastiki ikiliwa na lime hairudie. Hii kazi haiishe hata siku moja." Alisikia aibu akisema hivyo. Miaka thelathini na minne hakuwahi kukabidhi kitu kisichosimama.

Sephora alikuwa amekaa, uso karibu na simu, na Donat akaona kwamba binti yake si msichana tena, ana mistari midogo kando ya mdomo.

"Papa," alisema. "Na miye sikumaliza."

"Haukumaliza nini?"

"Masomo. Nilitoka ku université mwaka wa tatu. Nilishindwa hesabu yao, nikarudilia, nikashindwa tena. Diplome haiko. Haikukuwaka."

Agnès aliweka sombe chini.

"Njo juu ya ile haurudie?" aliuliza Donat. Lile swali la miaka yote lilitoka lenyewe, bila hata yeye kupiga moyo konde, limeingia kwa mlango mwingine.

"Ulisemaka ku Luano," alisema Sephora, akitaja uwanja wa ndege. "Mbele ya kupanda avion. Ulinikamata mukono, ukaniambia: mwenye kazi nusu asirudie kwangu."

Donat aliinama karibu na simu. Maneno yale aliyajua. Yalikuwa yake. Aliyasema kila asubuhi kwa miaka mingi kwa vijana wa karakana, akiwagawia vifaa, kama watu wengine wanavyosalimia kwa jambo. Mwenye kazi nusu asirudie kwangu. Nao vijana walicheka, wakaenda, wakarudi saa nane na kazi nusu, naye akavuta kiti akawasaidia kumaliza. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuyachukua maneno yale kama amri. Na inaonekana siku ile, akiwa amemshika mkono mwanawe wa pekee aendaye mbali, alitafuta la kusema kinywani akakuta hilo tu.

"Nilisema vile?" aliuliza.

"Ulisema, papa."

"Sikumbuke."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomuumiza. Alitaka kumwambia kwamba hayakuwa kitu, ni maneno ya kazini tu. Lakini mbele yake kulikuwa na mtu aliyeyabeba miaka minane hadi ghorofa ya kumi na moja, na Donat hakuthubutu kuyaita si kitu.

"Rudia ku nyumba," alisema.

"Siko na kintu ya kuonyesha, papa. Batu batauliza."

"Baache baulize. Miye pia minaonyesha nini hapa?" Alilinyanyua jitu kwa mguu mmoja, ule mwingine ukining'inia. "Rudia hivyo hivyo."

Sephora alilia, akijaribu kujikaza na kushindwa. Agnès alinyoosha mkono kuchukua simu, na Donat, ambaye kwa miaka yote aliitoa bila kuombwa mara mbili, aliishika kwa mikono yote miwili.

"Chumba yangu bado iko?" aliuliza Sephora.

"Iko."

Hakikuwapo. Kilikuwa na magunia ya makala, yaani mkaa, mpaka dirishani, na unga, na pikipiki ya shemeji wa Agnès isiyo na injini. Sephora alisema atatafuta tiketi, labda mwezi wa pili, ghala likifungwa kwa sikukuu yao ya mwaka mpya. Labda. Donat alisema mwezi wa pili ni vizuri, mvua itakuwa bado inapiga kwenye bati. Kisha akampa Agnès simu, akasimama.

Alianza mchana ule ule, na shati lake la misa. Agnès alimaliza kuongea, akaja kusimama mlangoni, macho mekundu, akamtazama akivuta gunia la kwanza uani.

"Papa Sephora, mutoto atakuya mwezi wa pili. Makala itakaa wapi, mvua ikianza?"

Donat alirudi ndani. Alivuta la pili, la tatu, jasho likimtiririka, weusi wa makala ukipanda mikononi mpaka kwenye viwiko. Alikuwa anaitafuta siku ile ya Luano. Aliliona sanduku la Sephora lililofungwa kwa kamba. Aliliona koti jekundu alilonunuliwa na mama yake kwa ajili ya baridi ya huko. Alimwona mwanawe akimtazama usoni, ametulia, anasikiliza kwa makini kila neno analoambiwa. Mdomo wake mwenyewe ukiyasema maneno yale hakuuona.